Pai za Tarehe Ile

Kibao cha duka langu kilikuwa kikubwa kuliko mlango wake, chekundu, na jina lililoandikwa pale juu halikuwa langu. Lilikuwa jina la kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza pai za nyama. Biashara yenyewe iko hivi: wao wana jina, wana oveni, wana friza, wana kofia na aproni, wewe una chumba cha duka na akiba yako ya maisha. Unawalipa, wanakukodisha jina. Pai zinatoka kiwandani kwao zimeganda kama mawe, zinapanda boti, zinashuka Mkoani, zinafika Chake Chake kwenye friza, na kazi yako ni kuzipasha moto kwa dakika walizokuandikia na kumpa mteja ndani ya karatasi yao. Huongezi chumvi, hupunguzi pilipili. Wana kitabu cha masharti kinene, na ukurasa wa kwanza tu unakwambia kwamba pai ya Pemba lazima iwe ileile ya Mwanza.

Mie nilikuwa nimepika kwenye hoteli za Unguja miaka kumi na moja. Mama alipofariki nikarudi Pemba, kwa sababu baba alibaki peke yake ndani ya nyumba na alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha asubuhi na jioni akidai ameshiba. Nilikuwa na miaka arubaini na mbili, sina mume, sina mtoto, nina akiba tu. Jamaa wakaniambia nifungue duka la vitenge. Nikasema hata, vitenge wanauza watu wote, nitaleta kitu ambacho Pemba hakipo. Na kweli hakikuwepo. Kwa nini hakikuwepo, hilo nilikuja kulijua baadaye, na nilijua vizuri.

Mkataba ulikuwa na miezi sita ya majaribio. Msimamizi wao, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole inayokera, alinieleza mara tatu ili nisije kusema sikuambiwa. Mwezi wa sita ukifika na pai hazitoki, wanang'oa kibao, wanachukua oveni yao na friza lao, na nilichowalipa hakirudi. Nikatia saini. Sikuwa na pengine pa kukimbilia baada ya hapo, maana hoteli hawamchukui mpishi wa kike wa umri wangu wakati wasichana wa miaka ishirini wamejaa getini.

Siku ya kufungua watu walikuja wengi, alhamdulillah. Harufu ilikuwa imeshika njia nzima mpaka sokoni. Kitabu cha masharti kilisema mteja akiingia umpokee kwa maneno haya: "Karibu kwenye ladha moja!" Basi akaingia bibi mmoja wa makamo, kajifunga buibui lake vizuri, akasema, "Assalaam alaykum." Nami, na kofia yangu nyekundu kichwani, nikamjibu, "Karibu kwenye ladha moja!" Lo! Yule bibi alinitazama kama aliyeona mtu karukwa na akili.

"Mwanangu," akasema, "salamu siku hizi haijibiwi?"

Nikaitika salamu yake, nikaomba radhi, nikauliza hali yake, na ya nyumbani, na ya mguu wake, maana alikuwa anachechemea. Tangu siku ile maneno ya kampuni niliyasema msimamizi akiwepo tu. Nikampa bibi pai yake. Akaigeuza juu chini. Akaibonyeza kwa kidole.

"Mbona imefungwa pande zote?"

"Ndiyo ilivyo, bi. Ndani mna nyama."

"Nyama gani?"

"Ya ng'ombe."

"Kachinja nani?"

Nikamwonesha boksi. Lilikuwa na muhuri mzuri wa halali, wa duara, na maandishi ya Kiarabu. Akausogeza uso karibu na muhuri, akausoma wote, polepole, na watu nyuma yake wakisubiri. Kisha akauliza, "Ndo huyu muhuri aliyechinja?" Duka zima likaangua kicheko. Akaiweka pai juu ya kaunta, akanitakia kheri, akatoka. Na wale waliokuwa nyuma yake nao, kila niliyempa pai, akaigeuza juu chini.

Asiyeijua Pemba atadhani watu wale walikuwa wanatafuta visa. Hapana. Kwetu nyama hainunuliwi kwa jicho wala kwa mizani. Inanunuliwa kwa jina. Mtu anafika sokoni, anauliza kachinja nani, anatajiwa fulani, na kama fulani anamjua, anafungua pochi. Sambusa za Bi fulani haziulizwi kwa kuwa inajulikana nyama yake anaichukua kwa nani. Muhuri haujulikani kwao, haujulikani mtaa gani anakaa wala anasali wapi. Nami niliyajua haya tangu utotoni, ndiyo maana nilistahili kupigwa bakora kwa kuyasahau. Miaka kumi na moja ya hoteli ilinitia upofu. Kule wageni wanakula chochote ulichokipamba kwa jani la kotimiri.

Na sasa nifike panaponiuma. Jina ambalo watu wa Chake walitaka kulisikia wakiuliza kachinja nani lilikuwa la baba yangu.

Baba alikuwa mchinjaji wa soko kwa zaidi ya miaka arubaini. Kila alfajiri akishasali anachukua kisu chake kilichofungwa kwenye kitambaa, anakwenda machinjioni kwa miguu, na jua likichomoza nyama iko sokoni na watu wanainunua bila ya swali. Si kwamba alikuwa shehe au mtu wa maneno mengi. Alikuwa na maneno mawili tu: nimeona, na sijaona. Kuna mwaka, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, wanaume watatu walishuka kilimani wakiapa wameuona mwezi wa Idi. Baba alikuwa nao, kasimama palepale. Walipomuuliza akasema, "Mie n'meona wingu lina ncha." Tukafunga siku ya thelathini nyumba nzima huku jirani wakila maandazi. Nilikuwa na miaka tisa na nililia kwa hasira.

Basi watu wakamwendea sokoni. "Mzee, nyama ya duka la mwanao vipi?" Na yeye, mzazi wangu aliyenizaa, anawajibu, "Sijaiona." Basi. Hakuongeza kitu. Hakusema mbaya, hakusema nzuri. Wiki ya tatu ilipofika wateja wangu walikuwa wafanyakazi saba wa maofisini waliotoka bara, na wote nawajua mpaka na saa zao za kula.

Jioni moja, tukiwa tunakula, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, unaniua."

"Nimefanya nini?"

"Si uwaambie tu ni halali? Wanaochinja ni Waislamu wenzetu, muhuri upo, hati ya kiwanda ipo, nimekuletea umeisoma kwa miwani yako!"

"Hati nimeisoma. Ni nzuri."

"Basi waambie ni nzuri!"

"Nikiulizwa hati, nitasema. Hawaniulizi hati."

"Na mbona wewe mwenyewe unazila?" Kwa sababu alikuwa anazila. Kila siku nikirudi na zilizobaki alikuwa anakula mbili, nyumbani, mlango umerudishwa.

Akafuta mikono yake. "Mie nakula kwa kuwa mwanangu kanipa, nasema Bismillahi nakula. Hiyo juu yangu. Lakini mtu akiniuliza mie, kisha akala, ile juu yangu pia. Na sijaona."

Niliondoka pale na sahani yangu mkononi, nikaenda kukaa jikoni nikalia. Nilimchukia, sitaki kusema uongo. Nilimchukia kwa neno moja ambalo lilikuwa mdomoni kwake, bure, asilotaka kulitoa, wakati mimi ninalipa watu wa Dar kwa jina ambalo hapa halinunui hata pilipili.

Nikajaribu njia nyingine. Nikampigia simu msimamizi, nikamwomba wanitumie maganda ya unga tu, nyama niipike mwenyewe, ichinjwe hapahapa, kwa mkono unaojulikana. Akacheka taratibu. "Dada, tukikuruhusu wewe Pemba, kesho Mwanza watataka kutia sangara." Nikamwambia watie basi, kwani nani atakufa? Akanisomea ukurasa wa kwanza wa kitabu, wote, kwenye simu, kwa sauti ileile ya upole. Nilitamani kuitia ile simu ndani ya oveni.

Mwezi wa nne ukapita. Friza limejaa hadi mlango wake haufungi vizuri, na maboksi mengine ya lazima yanakuja, kwa kuwa mkataba unasema lazima yaje. Mwezi wa tano Ramadhani ikaingia. Nikafungua duka alasiri, nikajua watu watanunua za kufuturia. Wakapita na kunisalimia kwa heshima zote, wakaenda kununua sambusa kwa Bi wa ng'ambo ya njia, ambaye nyama yake kachinja baba yangu. Mungu anisamehe, siku moja nilimsonya baba na mie nimefunga.

Baada ya Idi nikapata wazo, na nilijilaumu kwa nini halikunijia mwanzo. Kama shida ni macho, basi macho yasafirishwe. Nikamwambia baba: nenda Dar, ukaone. Nikadhani atakataa. Alifikiri siku tatu, akaja kuniambia, "Sawa, ila wasinioneshe walichokitayarisha. Nitakwenda siku wanayochinja, nitakaa tangu mwanzo." Kampuni nayo ikakubali mbio mbio, kwa kuwa msimamizi aliona hapo pana picha ya kuweka kwenye mtandao: mzee wa kanzu na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Baba akapanda boti na begi lake, birika lake na mkeka wake wa kusalia.

Akarudi siku ya sita. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikamkalia mbele kabla hajavua viatu.

"Umeona?"

"Nimeona."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki machinjioni tangu alfajiri hadi adhuhuri. Ng'ombe kumi na wanne. Kisu kimoja alikiona butu, akawarudisha wakakinoa, na wakanoa bila ya kununa. Wachinjaji ni watu wazima, wanajua wanachokifanya, mmoja wao kwao Tanga na wamezungumza sana. Walipomwambia aende akale, akakataa. Aliifuata nyama ile ndani ya gari hadi kiwandani, akaifuata kwenye mashine ya kusagia, akaifuata hadi ikaingia kwenye unga na unga ukafungwa. Wakamvalisha kofia ya nailoni juu ya kofia yake. Alisimama hadi maboksi yakapigwa tarehe, akaiandika tarehe ile kwenye karatasi, na karatasi ile alikuwa nayo mfukoni.

Nililia kwa furaha. Nilimbusu mkono. Kesho yake asubuhi, nyama ilipofika sokoni na watu wamejaa, nikaenda mwenyewe kusikiliza. Walimuuliza, na yeye akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Maboksi yaliyopigwa tarehe hii, nyama yake nimeiona kwa macho yangu tangu kisu hadi unga. Ni halali, haina shaka." Moyo wangu ukataka kutoka. Kisha akamaliza: "Za tarehe nyengine sikuziona."

Yarabi! Nilimvuta pembeni mbele za watu.

"Hiyo ya pili nani alikuuliza?"

"Ndiyo kweli iliyobaki," akasema.

"Baba, wao wanachinja vilevile kila siku! Watu walewale, visu vilevile!"

"Huenda. Siku zile mie nilikuwa hapa."

Yalikuja maboksi ishirini ya tarehe ile. Baba alifika dukani, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma boksi moja moja, akatikisa kichwa kukubali mara ishirini. Na watu, jamani, watu walikuja! Tarehe ile ilijulikana Chake nzima. Mtu hasemi nipe pai, anasema, "Za tarehe ile zipo?" Wakaja wa Kengeja na magari ya abiria, wakaja wa Jadida kutoka Wete na pikipiki. Waliona pai haina pilipili, basi wakaja na chupa zao za pilipili na ndimu mifukoni, wanaichana pai kati, wanaimiminia, wanakula hapohapo wamesimama. Kitabu cha masharti kilikataza. Nikakiweka kitabu chini ya kaunta.

Baba naye alikuwa akija kila siku baada ya kusali alasiri. Anakaa kwenye benchi karibu na mlango, anakula pai moja mbele za watu, na anayetaka kumuuliza anamuuliza. Akiondoka ananiambia, "Nipe maboksi yaliyokwisha." Nilikuwa nampa. Anayakunja, anayabeba kwapani, anakwenda nayo nyumbani. Sikumuuliza ya nini. Nilikuwa na foleni, ningemuuliza saa ngapi?

Siku ya kumi na moja, mchana, boksi la ishirini likaisha. Msimamizi alikuwa amekwisha nipigia: kesho yake alasiri anakuja, mwezi wa sita umetimia, anataka kuona duka linavyokwenda. Nikamwomba maboksi mengine ya tarehe ile. Akasema, "Dada, tarehe ile imekwisha nchi nzima." Ndani ya friza nilikuwa na maboksi thelathini na kitu ya tarehe nyingine, muhuri uleule, unga uleule. Kumpeleka baba Dar mara nyingine kulitaka wiki mbili, nami nilikuwa na siku moja.

Nataka nieleweke. Sikupanga. Kesho yake asubuhi nilifungua boksi jingine kwa kuwa friza lilikuwa na hayo tu, nikaziweka ndani ya oveni. Wa kwanza kuja hawakuuliza. Walikuwa wamezoea. Nikajiambia, asiyeuliza sikumdanganya. Wakala, wakaondoka wameridhika, nikaona kumbe ni jambo dogo. Mpaka alasiri nilikuwa nimeuza maboksi mawili.

Msimamizi akaja na shati lake jeupe, akasimama ndani ya kaunta kando yangu, simu mkononi anapiga picha foleni. "Hii ndiyo Pemba tuliyokuwa tunaingoja," akasema. Foleni ilifika nje. Na baba akaingia, kama kawaida yake, akatoa salamu, akakaa kwenye benchi. Nikampelekea pai yake kwenye karatasi. Kabla hajaifungua, mwanamke mmoja aliyekuwa mbele kabisa ya foleni, mama wa watu na mtoto mgongoni, akageuka.

"Mzee, hizi ndizo za tarehe ile? Mie n'natoka Kengeja, n'tampelekea mume wangu."

Baba akanitazama mimi. "Mwenye duka yule pale," akasema. "Muulizeni."

Watu wote wakanigeukia. Msimamizi akaacha kupiga picha. Nilitazama ile pai mkononi mwa baba, na nikakikumbuka kibao kile juu ya mlango, na nikasema, "Ndizo, bi. Ndizo zenyewe."

Ilipokuwa imeshanitoka ndipo nikakumbuka. Boksi la ishirini, jana, nilimpa baba mwenyewe. Alilikunja mbele yangu. Maboksi yote ishirini yalikuwa nyumbani, chini ya kitanda chake, na alikuwa akiyachukua ili ajue neno lake linaishia wapi.

Yule mama akamgeukia baba tena. Na foleni yote ikamgeukia. Hakuna aliyekuwa na haraka. Watu wa kwetu wanajua kumngoja mzee. Alikuwa na maneno yake mawili, na la kweli lilikuwa moja tu, sijaona; angelisema hilo, mimi ningekuwa mwongo mbele ya Chake nzima, na kibao kingeng'olewa siku ileile na bwana yule aliyesimama kando yangu. Nilikuwa namuomba Mungu na sijui nilikuwa namuomba nini.

Baba akafungua karatasi. Akasema, "Bismillahi." Akaila ile pai, yote, polepole, bila ya kuinua macho. Akakunja karatasi ndogo ndogo akaitia mfukoni, akasimama, akaaga, akatoka. Siku ile hakuomba boksi.

Yule mama akasema, "Basi nipe sita." Wengine wakasukumana. Msimamizi alitia saini yake palepale juu ya kaunta, akanipa mkono, akaniambia mkataba ni wa miaka mitatu sasa. Nikamshukuru. Niliuza hadi magharibi, na kwa haraka nikaungua kidole kwenye oveni.

Nilirudi nyumbani nimejitayarisha. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa na majibu yangu yote: kwamba nyama ni halali ileile, kwamba yeye ndiye aliyenifikisha pale, kwamba angesema neno lile miezi sita nyuma nisingefika kusema langu. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kidole kimefanya nini, akaniambia nitie asali. Tukala, akasali isha, akalala.

Alfajiri niliamka kwa sauti ya shoka. Nikafikiri nimechelewa, maana saa ile kila siku baba anakuwa yuko machinjioni. Nikachungulia. Alikuwa uani, anapasua kuni za mkarafuu mkavu, mti mgumu ule, anapiga mara moja tu na gogo linafunguka. Alikuwa amekwisha pasua fungu la wiki nzima.

"Baba, hukwenda?"

"Sendi tena."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Akasimamisha gogo jingine. "Wataniuliza, mwanangu. Nitawajibu nini?"

Nikasema, "Baba, nitakwenda niwaambie." Akasema, "Nenda." Hakusema kwa hasira. Akaendelea na kuni. Nikarudi ndani nikavaa buibui langu, nikakaa kitandani nimelivaa.

Nilikuwa bado nimekaa pale watu watatu walipobisha hodi mlango wa mbele. Walikuwa wa sokoni, mmoja wao amekuwa akimshikia baba ng'ombe tangu sijaota meno. Ng'ombe amefungwa, walisema, na jua linapanda, na watu wa harusi wanangoja nyama, Mzee kulikoni? Baba akaweka shoka, akapita ukumbini, akaenda mlangoni. Nilisimama nyuma ya mlango wa chumba changu. Nilikuwa naviona viganja vyake kwa nyuma, vina vumbi la kuni.

"Tafuteni mwengine," akawaambia. "Mkono wangu umechoka. Hauna nguvu tena."

Wakasikitika sana. Wakamshika ule mkono, mmoja baada ya mmoja, kwa upole wa kumshika mgonjwa, wakamwombea afya, naye akaitikia amin. Katika maisha yangu yote ulikuwa uongo wa kwanza kumsikia baba yangu akiusema, na aliusema ili nisiulizwe mimi. Ningeweza kufungua mlango. Nilikuwa nimeshavaa. Nilisimama palepale hadi wakaondoka.